Kuhamisha seva ya Linux kwenye mashine mpya bila kuisimika upya: mwongozo kamili

Kabla ya kuchagua diski au amri, jibu hili: kazi ikiisha, seva ya zamani itazimwa, au zote mbili zitaendelea kufanya kazi? Ikizimwa, mashine mpya ni mrithi. Inachukua jina, anwani ya IP na funguo zote, na watumiaji hawatakiwi hata kuhisi kuna kilichobadilika. Zikibaki zote mbili, mpya ni ndugu, na ndugu anahitaji utambulisho wake mwenyewe.

Naanza na swali hili kwa sababu kunakili mafaili ni kazi ya kompyuta, nayo inaiweza. Balaa huja pale nakala inapoamka ikiamini kuwa ndiyo seva halisi: inatuma barua pepe zilezile kwa wateja, inaendesha kazi za usiku kwa mara ya pili, inang'ang'ania anwani ambayo mwenzake bado anaitumia. Nakala haijui kwamba ni nakala. Ni juu yako kuiambia.

Maelezo yafuatayo yanafuata njia ya mrithi, na pale ndugu anapotofautiana nitasema. Amri ni za Debian na Ubuntu. Jamaa za Red Hat nitazigusa zinapokwenda njia yao.

## Diski nzima, au mafaili?

Njia ya kwanza ni kunakili diski nzima biti kwa biti, kwa `dd` au Clonezilla. Inavutia kwa urahisi wake, na kama mashine mbili zinafanana na seva inaweza kuzimwa kwa saa kadhaa, itumie bila wasiwasi. Ila ina masharti. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Ukubwa wa sekta uwe uleule: jedwali la patisheni (migawanyo ya diski) lililoandikwa kwenye diski ya sekta za baiti 512 halisomeki sawasawa kwenye diski ya sekta za baiti 4096. Jedwali la zamani la MBR, kwa sekta za baiti 512, haliwezi kutumia zaidi ya TiB 2, kwa hiyo diski kubwa itabaki na sehemu isiyofikika. Halafu UUID zote (namba za kipekee zinazotambulisha kila mfumo wa mafaili) zinafanana: ukiziweka diski mbili kwenye mashine moja, XFS (aina ya mfumo wa mafaili) itakataa kupachika ya pili, na LVM (programu ya kugawa diski) italalamika kuhusu nakala hadi uendeshe `vgimportclone`. Na usithubutu kuendesha `dd` juu ya diski ambayo mfumo wake unaendelea kuandika. Utakachopata ni picha ya vipande vya nyakati tofauti.

Njia ya pili ni kunakili mafaili kwa `rsync`. Hii ndiyo ninayoipendelea karibu kila mara: seva ya zamani inaendelea kufanya kazi wakati sehemu kubwa ya data inahama, mpangilio wa diski mpya unauchagua mwenyewe, na muda wa kuzima huduma unabaki mfupi.

Kuna hali mbili ambazo hupaswi kunakili kabisa. Ya kwanza ni kubadili aina ya prosesa, kwa mfano kutoka x86-64 kwenda ARM. Programu za huku haziendeshwi kule. Ya pili ni mfumo endeshi uliokwisha muda wake wa masasisho ya usalama. Hapo simika toleo jipya, kisha hamisha data na mipangilio peke yake.

## Piga picha ya hali ilivyo

Kwenye seva ya zamani, hifadhi majibu ya amri hizi kwenye faili, ulitoe nje ya seva hiyo:

```
lsblk -f
cat /etc/fstab
ip -br addr
ip route
ss -tulpn
systemctl list-units --type=service --state=running
systemctl list-timers --all
nft list ruleset
apt-mark showmanual
```

Jibu la `ss -tulpn` lina thamani kubwa kuliko yote. Linaonyesha kila programu inayosikiliza na mlango wake, na ndilo utakalolinganisha na mashine mpya baadaye.

Kisha tafuta vitu visivyokaa kwenye diski, maana `rsync` haitavigusa. Leseni iliyofungwa kwenye maunzi. Ufunguo wa diski iliyosimbwa uliofungwa kwenye TPM (chipu ya usalama) ya ubao mama wa zamani. Anwani iliyotengwa kwenye DHCP (huduma inayogawa anwani za IP) kwa kufuata MAC (namba ya kadi ya mtandao). Ruhusa kwenye swichi au ukuta wa moto wa mashine nyingine inayotaja MAC hiyohiyo. Andika kila kimoja na nani mwenye mamlaka ya kukibadilisha, kwani usiku wa kuhama si wakati wa kuanza kumtafuta.

Kuanzia hapa, zima masasisho ya kujiendesha kwenye seva ya zamani (`systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer` kwa wanaotumia unattended-upgrades). Kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ikibadilika kati ya nakala ya kwanza na ya mwisho, utajikuta na kerneli moja kwenye `/boot` na moduli za nyingine kwenye `/lib/modules`.

## Andaa mashine mpya

Jaribu kumbukumbu kwa memtest86+, kagua diski kwa `smartctl -a`, weka toleo jipya la programu ya ubao. Hitilafu ya kumbukumbu wakati wa kunakili inaharibu data kimyakimya.

Washa mashine kwa flashi yenye toleo lilelile la mfumo endeshi lililoko kwenye seva ya zamani. Wengi huchukua flashi yoyote iliyo karibu, na hapo wanapoteza faida mbili. Kwanza, kerneli ya toleo hilo ikishindwa kuona kadi ya mtandao au diski za mashine mpya, unajua mapema, kabla hujanakili chochote. Dawa ni kuweka kerneli mpya zaidi kwenye seva ya zamani kwanza, kisha kuinakili ikiwa nayo. Pili, `mkfs.ext4` ya kisasa huwasha sifa ambazo mifumo ya nyuma haizielewi. Tangu e2fsprogs 1.47 ya mwaka 2023, sifa ya `metadata_csum_seed` huwashwa yenyewe, na matoleo ya zamani ya GRUB (programu inayouwasha mfumo) hushindwa kusoma diski hiyo. Unamaliza kazi yote, unawasha, na GRUB inadai haioni mfumo wa mafaili. Flashi ya toleo lilelile inakuepusha na hayo.

Hakikisha pia umewasha kwa UEFI (njia ya ubao ya kuwasha kompyuta iliyochukua nafasi ya BIOS): saraka ya `/sys/firmware/efi` iwepo. Kisha gawa diski. Mfano huu una patisheni ya EFI, ya swap (kumbukumbu ya akiba kwenye diski) na ya mfumo. Kabla ya kubonyeza, soma jina la diski mara mbili, kwa kuwa mstari wa kwanza unafuta jedwali lote:

```
sgdisk -Z /dev/nvme0n1
sgdisk -n1:0:+1G -t1:ef00 -n2:0:+8G -t2:8200 -n3:0:0 -t3:8300 /dev/nvme0n1
mkfs.vfat -F32 /dev/nvme0n1p1
mkswap /dev/nvme0n1p2
mkfs.ext4 /dev/nvme0n1p3
mkdir -p /mnt/mpya
mount /dev/nvme0n1p3 /mnt/mpya
mkdir -p /mnt/mpya/boot/efi
mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/mpya/boot/efi
```

## Nakala ya kwanza, seva ikiwa kazini

Andika faili `ruka.txt` la vitu visivyohitajika:

```
/tmp/*
/swapfile
/lost+found
/var/cache/apt/archives/*.deb
```

Kisha, ukiwa kwenye mashine mpya, vuta data kutoka ya zamani (hapa anwani yake ni 192.0.2.10):

```
rsync -aAXHSx --numeric-ids --info=progress2 \
  --exclude-from=ruka.txt root@192.0.2.10:/ /mnt/mpya/
```

Kama root haruhusiwi kuingia kwa SSH, ingia kwa mtumiaji mwenye sudo isiyouliza nenosiri na uongeze `--rsync-path="sudo rsync"`.

Herufi hizo zina kazi. `-A` na `-X` zinabeba ruhusa za ACL na sifa za ziada. Bila `-X`, programu zilizopewa uwezo maalumu, `ping` ikiwa mojawapo kwenye baadhi ya mifumo, zinaupoteza. `-H` inalinda faili lenye majina mawili lisigeuke mafaili mawili. `-S` inazuia faili la mashine pepe lenye mapengo matupu lisijae. `--numeric-ids` ndiyo inayosahaulika kuliko zote: bila hiyo, rsync inalinganisha wamiliki kwa majina, na flashi yako ina namba zake. Ukiisahau, hifadhidata inaweza kuamka ikakuta mafaili yake ni mali ya mtumiaji mwingine.

`-x` inaizuia rsync kuvuka kwenda mfumo mwingine wa mafaili. Kwa hiyo `/proc`, `/sys`, `/dev` na `/run` zinabaki saraka tupu, kama inavyotakiwa. Ila kama `/home`, `/var` au `/boot` ziko kwenye patisheni zao, nazo zitakuja tupu, bila onyo lolote. Rudi kwenye jibu la `lsblk` na uendeshe rsync ya peke yake kwa kila moja.

## Kuifanya iwake

Tazama UUID mpya kwa `blkid`, kisha rekebisha `/mnt/mpya/etc/fstab` (orodha ya diski za kupachika) zifanane. Futa mstari wa `/swapfile` kama sasa unatumia patisheni. Kisha ingia ndani ya mfumo mpya kwa `chroot`, ili amri zifanye kazi kana kwamba umewasha kutoka diski hiyo:

```
for d in dev proc sys run; do mount --rbind /$d /mnt/mpya/$d; done
chroot /mnt/mpya
grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi
update-initramfs -u -k all
update-grub
```

Kama seva ya zamani ilikuwa ya BIOS, pakiti iliyosimikwa ni `grub-pc`. Endesha `apt install grub-efi-amd64` ndani ya chroot kabla ya `grub-install`. Hata kama zote ni za UEFI, usiruke hatua hii: orodha ya vitu vya kuwasha hukaa kwenye kumbukumbu ya ubao, hivyo hata diski iliyonakiliwa biti kwa biti inaweza isionekane kabisa kwenye ubao mpya. Ubao ukiendelea kuwa mkaidi, ongeza `--removable`. GRUB itawekwa pia kwenye `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`, njia ambayo ubao hujaribu pasipokuwa na maelekezo mengine.

`update-initramfs` inaandaa mfumo mdogo unaopakiwa kwanza, wenye draiva za diski. Kwenye `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf` angalia mstari wa `MODULES`. Ukiwa `most`, draiva nyingi zimo. Ukiwa `dep`, zinachukuliwa zile tu zinazoonekana kuhitajika na mashine unayofanyia kazi, kwa hiyo badilisha. Angalia pia `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`: likitaja UUID ya swap ya zamani, kila kuwasha kutasimama kwa muda likisubiri diski isiyokuwepo.

Kwa jamaa za Red Hat, dracut kwa kawaida huandaa mfumo huo kwa ajili ya mashine moja tu, hivyo `dracut --regenerate-all --force` ni ya lazima. Kwa UEFI usitumie `grub2-install`. Simika upya pakiti za `shim` na `grub2-efi`. UUID ya root imeandikwa pia kwenye mafaili ya `/boot/loader/entries`, nayo inabadilishwa kwa `grubby --update-kernel=ALL --args="root=UUID=..."`. Kama SELinux (ulinzi wa ziada wa mafaili na programu) iko kazini, `touch /.autorelabel` kabla ya kutoka.

## Utambulisho

Hapa ndipo mrithi na ndugu wanapoachana.

Kadi ya mtandao ni ya wote wawili. Iliyokuwa `eno1` inaweza kuwa `enp3s0`, na mipangilio inayotaja jina la zamani haitafanya lolote. Soma majina kwa `ip -br link` ukiwa bado kwenye flashi, kisha rekebisha `/etc/netplan/` au `/etc/network/interfaces`. Seva za zamani zaidi huwa na `/etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules`, lifute.

Funguo za SSH za seva, yaani `/etc/ssh/ssh_host_*`, mrithi anabaki nazo. Ukizibadilisha, kila anayeingia atapata onyo kwamba huenda kuna mtu amejipenyeza katikati, na hati zote zinazojiendesha zitagoma. Ndugu anapaswa kupata zake: futa za zamani, kisha `ssh-keygen -A`.

`/etc/machine-id` nalo mrithi analiacha. Kwa ndugu, lifanye tupu kwa `truncate -s 0 /etc/machine-id`, na systemd itatengeneza jipya wakati wa kuwaka. Usilidharau faili hili la mstari mmoja. systemd-networkd hulitumia kujitambulisha kwa DHCP, kwa hiyo mashine mbili zenye MAC tofauti kabisa zinaweza kupewa anwani moja, na utatafuta chanzo mpaka kichwa kiume. Ndugu anahitaji pia jina jipya kwenye `/etc/hostname` na `/etc/hosts`.

## Jaribio la gizani

Kabla ya kuwasha, ukiwa bado ndani ya chroot, funga kila kinachoweza kugusa dunia ya nje, ukianza na cron (kazi za ratiba) na postfix (barua pepe); `mask` inazuia huduma isiwashwe:

```
systemctl mask cron postfix
```

Ongeza taimeri za systemd ulizoziandika kwenye orodha, pamoja na huduma zozote zinazotuma pesa, ujumbe au nakala rudufu. Hata hivyo usizitegemee hizo peke yake. Chomoa kebo, au iweke mashine kwenye swichi isiyounganishwa na kitu kingine, uiongoze kwa skrini au kwa IPMI (usimamizi wa mbali uliomo kwenye ubao). Programu yenye foleni ya kazi ndani ya hifadhidata haijali kwamba cron imelala.

Ikiwaka, angalia:

```
systemctl --failed
journalctl -b -p err
findmnt --verify
ss -tulpn
```

Linganisha jibu la mwisho na lile ulilohifadhi. Mlango unaokosekana ni huduma isiyoamka. Fungua tovuti kutoka ndani ya mashine yenyewe, ingia kwenye hifadhidata, tazama kama vyeti vya TLS vinasomeka. Izime na kuiwasha tena, kwa kuwa kuna makosa yanayojificha kuwaka kwa kwanza. Hifadhidata inaweza kuwa imekuja imevunjika, na isikushtue: ilinakiliwa ikiwa inaandikwa. Nakala ya mwisho itairekebisha.

## Usiku wa kuhama

Kama anwani ya IP itabadilika, teremsha TTL ya rekodi za DNS mapema. TTL ya sekunde 86400 maana yake kuna wanaoshikilia jibu la zamani kwa saa 24, hivyo iweke 300 angalau siku moja kabla.

Muda ukifika, chukua nakala ya hifadhidata kwa njia yake rasmi kama bima (`pg_dumpall`, au `mysqldump --all-databases --single-transaction --routines --events`), uiweke nje ya mashine zote mbili. Kisha simamisha huduma zote zinazoandika kwenye seva ya zamani: tovuti, barua, cron, na hifadhidata iwe ya mwisho.

Washa mashine mpya kwa flashi, pachika diski kama mwanzo, na uandae faili la pili, `utambulisho.txt`, lenye vitu ulivyorekebisha na usivyotaka vifutwe:

```
/boot/
/etc/fstab
/etc/crypttab
/etc/mdadm/
/etc/netplan/
/etc/network/interfaces
/etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules
/etc/default/grub
/etc/initramfs-tools/
```

Kwa ndugu ongeza `/etc/machine-id`, `/etc/ssh/ssh_host_*`, `/etc/hostname` na `/etc/hosts`. Sasa:

```
rsync -aAXHSx --numeric-ids --delete \
  --exclude-from=ruka.txt --exclude-from=utambulisho.txt \
  root@192.0.2.10:/ /mnt/mpya/

rsync -aAXHS --numeric-ids --delete --checksum \
  root@192.0.2.10:/var/lib/postgresql/ /mnt/mpya/var/lib/postgresql/
```

Amri ya pili inasoma kila baiti ya hifadhidata badala ya kuamini ukubwa na saa ya faili. Faili linaweza kubadilika ndani bila ukubwa kuongezeka, na ndiyo sababu waandishi wa PostgreSQL wenyewe wanapendekeza `--checksum` kwa nakala ya namna hii. Kwa MySQL au MariaDB fanya vivyo hivyo na `/var/lib/mysql/`. Kama zile patisheni za peke yake zipo, usizisahau.

Usiongeze `-u`. Kwa mazoea watu huiona ni ya usalama, lakini hapa inalinda mafaili mapya zaidi yaliyoko upande wa pili, nayo ni takataka za jaribio lako. `--delete` itazisafisha, na itaondoa pia mask ulizoweka kwa cron na postfix, kwa kuwa upande wa zamani hazipo. Ndugu asiyetakiwa kuendesha kazi hizo awekewe upya. Na kama ulibadilisha `grub-pc` kuwa `grub-efi-amd64`, rudia `apt install` hiyo ndani ya chroot, kwani kumbukumbu za pakiti zimerudi kama zilivyokuwa.

Zima seva ya zamani kwa `poweroff`, uchomoe kebo zake za mtandao na za umeme. Mbao nyingi za seva zina mpangilio wa kuwaka zenyewe umeme unaporudi. Ukiuacha, siku moja utakuwa na seva mbili zenye IP moja na hakuna aliyegusa kitu. Ndipo uiwashe mpya ikiwa na kebo.

IP ikiwa ileile, ruta na mashine jirani bado zinakumbuka MAC ya zamani kwa muda. Zijulishe:

```
arping -U -c 3 -I enp3s0 192.0.2.10
```

## Siku zinazofuata

Rudisha masasisho ya kujiendesha. Ukihama kutoka Intel kwenda AMD, au kinyume chake, simika `amd64-microcode` au `intel-microcode` inayohusika. Hakikisha `fstrim.timer` (inayoiarifu diski nafasi zilizoachwa wazi) inafanya kazi kwenye diski za SSD. Usiku wa kwanza fuatilia nakala rudufu, kisha jaribu kurejesha faili moja kutoka humo. Mifumo mingine ya nakala huitambua mashine kwa kitu kilichobadilika na kuanza upya, au kusimama bila kusema.

Seva ya zamani ibaki kama ilivyo, imezimwa, mpaka kazi ya mwisho wa mwezi ipite salama kwenye mpya. Kama mwisho wa mwaka kuna hesabu maalumu, toa diski zake uzitunze mpaka hapo. Baadaye zifute kabla hazijatoka mikononi mwako: `nvme format -s1` kwa NVMe, `shred` kwa diski za sahani. Kwa mrithi hili lina uzito wa pekee, kwa sababu funguo za siri zilizoko kwenye diski hizo ndizo zilezile zinazotumika sasa hivi kwenye seva mpya.